Usimsalimie Mama Akiwa Ngazini

Mara ya kwanza mama alianguka mahali pakavu, tambarare, mchana kweupe, mbele ya mlango wa duka letu la udobi. Hapakuwa na maji wala ganda la ndizi, wala hata kijiwe cha kusingizia. Alikuwa ametoka kuanika mashuka uani, anarudi zake mikono mitupu, na fundi viatu, ambaye kibanda chake kiko chini ya ngazi, akamwamkia kama anavyomwamkia kila asubuhi. "Shikamoo mama." Mama akageuza uso amwitikie, na hiyo marahaba yake haikumalizika. Nilipotupa jicho alikuwa chini, ameukalia mguu wake mwenyewe, ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemsukuma.

"Nini tena?" nikamwuliza. Mimi nikishtuka huwa mkali, ndivyo nilivyo.

"Sijui," akasema. "Nadhani nimekaa."

Tukamwinua, tukampangusa vumbi. Fundi viatu akaona apoze mambo kwa methali, akasema kujikwaa si kuanguka, ni kwenda mbele. Nikamwambia huyu hakujikwaa, ameanguka, tena hakwenda mbele wala nyuma, kwa hiyo methali yako irudishe ulikoitoa. Akanuna siku nzima. Mama akaniambia, "Kiherehere, mdomo wako utakuja kutufukuzisha kwenye nyumba za watu."

Kiherehere ni mimi. Mama alinipachika jina hilo tangu sijaota meno, na leo nina mvi zangu na jengo zima linaniita hivyo, hata watoto. Siwezi kukaa kitako. Nikikaa naona kuna kitu kinaungua mahali, na katika kazi yetu ya pasi mara nyingi ni kweli. Kwa hiyo msinishangae nikisimulia huku nainuka inuka. Habari yenyewe bado inanitoa jasho.

Mama ni dobi. Baba alipofariki alianza kufua majumbani mwa watu, kaka yangu mkubwa amemshika gauni na mimi niko mgongoni. Baadaye akapanga chumba cha chini katika jengo hili kiwe duka, na chumba cha juu kabisa tukawa tunalala. Katikati kuna ngazi za saruji zenye kona mbili, nyembamba, watu wawili wakipishana lazima mmoja ajibanze ukutani. Amezipanda na kuzishuka na vifurushi vya nguo kichwani tangu jengo likinuka rangi mpya mpaka leo rangi hiyo imebambuka. Alikuwa na uwezo wa kunyoosha shati, kumgombeza kaka, kupatana bei na mteja na kusikiliza ugomvi wa jirani ukutani, vyote kwa pamoja, na kola ikatoka imesimama. Sisi wengine tukijaribu hivyo tunaunguza.

Na salamu. Kwa mama salamu haikuwa neno la kutupiana watu wakipishana. Ilikuwa kazi, na aliifanya kama alivyofanya kola, haachi kunjo. Ukimwamkia atakuitikia, kisha atataka kujua umeamkaje, watoto wameamkaje, yule mwenye kikohozi anaendeleaje, kazini kwema, na yote hayo miguu haisimami, kifurushi kichwani, anapanda. Akifika kona ya juu bado anakuuliza, unamsikia sauti tu. Watu walimpenda kwa hilo. Kuna wateja waliokuwa wanaleta shati moja lisilo chafu ili waulizwe hali zao.

Kusahau kulimwingia polepole, na mwanzoni tulikufanya mzaha. Mama hakuwahi kuweka alama kwenye nguo za wateja. Alikuwa akiitazama kola tu anajua shati ni la nani na mwenyewe ana tabia gani. Sasa akaanza kuchanganya. Suruali ya mwalimu mstaafu wa ghorofa ya kati ikaenda kwa dereva wa lori, na ya dereva ikaja kwa mwalimu, naye akaivaa mpaka barabarani ndipo akagundua inaburuzika. Tulicheka mpaka machozi. Halafu akaanza kupiga pasi shati moja mara mbili, anakunja, anakunjua, anaanza upya. Hapo sikucheka. Nilimpokonya lile shati, nikajifanya nina haraka nalo, nikaenda nyuma ya kamba za nguo nikalia kidogo, nikarudi nikaendelea kufoka.

Lakini kusahau na kuanguka sikuviunganisha. Nani angeviunganisha? Kichwa kiko juu, miguu iko chini, kila kimoja kina daktari wake.

Mara ya pili ilikuwa ngazini. Mwalimu alikuwa anapanda, mama anashuka. Mwalimu ni mtu wa adabu, akajibanza ukutani, akavua kofia, akamwamkia, akamwuliza na habari za kaka. Mama akaachia ukingo amjibu kwa mikono, maana mama bila mikono hasemi, akaja chini ngazi zote zilizobaki. Mwalimu aliambulia kushika upindo wa gauni. Kifundo cha mkono kikavunjika, akafungwa plasta.

Basi tukaanza kuitibu nyumba. Nikatupa ndala zake, nikanunua viatu vya kufunga kamba. Nikatoa zulia. Nikaleta fundi akaweka ukingo upande wa pili wa ngazi, nikabadilisha taa, nikakwangua utelezi wa miaka kwa msasa nikiwa nimepiga magoti, watu wananiruka. Mama alikuwa ananitazama tu. "Utabomoa nyumba ya watu," akasema, "na mwenye nyumba bado yuko hai."

Mara ya tatu alianguka chumbani kwake, na safari hii aliyekuwa naye ni kaka, kwa simu. Kaka yangu anakaa mji mwingine, safari ya kutwa nzima. Hupiga kila Jumapili, na mama hajawahi kuzungumza na mwanawe huyo akiwa amekaa. Husimama, huzunguka chumba, hunyoosha pazia, hupanga vikombe, mdomo unakwenda. Jumapili hiyo nilikuwa mlangoni naanika soksi. Nikasikia "marahaba baba," nikasikia "na kazi je," kisha kishindo. Nilimkuta kati ya kitanda na kabati. Simu ilikuwa imeteleza chini ya kitanda, na sauti ya kaka inatoka kulekule gizani, "Mama? Mama?"

Nyonga haikuvunjika, ilivilia damu tu, akachechemea kwa muda. Lakini kaka alikuwa amekisikia kile kishindo kwa sikio lake, na mtu aliyesikia kitu kama kile humwambii kitu.

"Nikipata likizo nakuja kumchukua," akaniambia. "Kwangu hakuna ngazi."

"Kwako hakuna na kazi. Atafanya nini kutwa?"

"Atapumzika."

"Amekwambia amechoka?"

"Usinipandishie sauti. Mama anavunjika vipande vipande mikononi mwako, halafu unanipandishia sauti."

Hilo liliniingia mpaka kwenye mfupa. Kaka si mtu mbaya, na mke wake ana moyo wa kuhudumia mtu. Lakini nimefika kwake, nakijua kile kiti watakachomkalisha, kimeelekea televisheni, na nyuma ya televisheni ni ukuta. Nilipomweleza mama alikuwa anapiga pasi foronya. Hakuinua kichwa. "Mwambie mimi hapa nina meza yangu," akasema. "Kule nitakuwa mgeni mpaka nife. Mgeni hata kijiko anaomba." Nikaapa moyoni haondoki. Ila nilijua vilevile kwamba akianguka mara nyingine, kaka ameshinda, na hata mimi ningeona ameshinda kwa haki.

Nikampeleka kliniki. Daktari akapima presha, akapima macho, akaiondoa dawa moja iliyokuwa inamlewesha. Akamwuliza leo siku gani. Akamwambia achore saa, na mama akachora duara zuri, namba zote ndani, akasahau mishale. Daktari akaandika, akatutuma chumba cha mazoezi ya viungo.

Huko tukamkuta dada mmoja mpole sana, mwenye kuzungumza taratibu hata nikatamani kuyasukuma maneno yake kwa nyuma. Akamwambia mama atembee kwenye korido mpaka dirishani arudi. Mama akatembea vizuri, kifua mbele, akipita ananitupia jicho la kusema umeona.

"Vizuri sana mama," akasema yule dada. "Sasa tembea vilevile, lakini safari hii unitajie nguo zote unazofua."

Nikacheka kimoyomoyo. Nguo, unamwuliza mama? Ungeenda nyumbani ukale urudi ndiyo umkute anamalizia.

"Shati," mama akasema, anatembea. "Suruali." Hatua zikafupika. "Shuka." Akasimama. Alisimama kabisa katikati ya korido, mdomo wazi, macho yanatafuta hewani. "Endelea kutembea mama," dada akasema, naye alikuwa ameshafika ubavuni mwake bila mimi kumwona. Mama akainua mguu, na mguu haukujua uende wapi. Akayumba, yule dada akamdaka kiunoni. Maisha yake yote amefua nguo za watu, na pale hakupata ya kuongeza.

Tukamkalisha. Alipokaa tu zikaanza kumwagika zenyewe, mapazia, foronya, sketi, koti, magauni ya harusi. Yule dada akanigeukia.

"Wewe miguu yako inajiendea," akaniambia. "Mama kila hatua kichwa kinaisimamia, na kichwa chake nguvu zimepungua. Ukikipa kazi ya pili, ile ya kwanza inaachwa. Msione kusahau na kuanguka ni maradhi mawili. Mara nyingi ni ndugu wa tumbo moja."

"Kama soketi yetu ya dukani," nikasema. "Ukichomeka pasi na birika pamoja, umeme unakatika."

"Hivyo hivyo. Mchomekee kimoja kimoja."

Nilikuwa nimesimama, maana kwenye viti vya hospitali mimi siwezi, na hapo ndipo nilipokaa. Fundi viatu. Mwalimu. Kaka. Mara zote mama alianguka akiwa anaitikia salamu. Nimetupa ndala, nimetupa zulia, nimekwangua ngazi mpaka vidole vikachubuka, na kumbe aliyekuwa anamwangusha mama yangu ni heshima za watu. Nikamwomba yule dada anieleze upya, tena polepole zaidi.

Alitupa mazoezi ya miguu, kuinuka kitini na kukaa bila kujitupa, kutafuta kiti kwa mkono kwanza ndipo ukalie, kusimama kwa vidole umeshika meza. Akasema hayo yatamsaidia taratibu. Lakini kuanzia leo hii, mama akiwa anatembea, kimya. Akikaa, zungumzeni mtakavyo.

Rahisi kusema. Jaribu wewe kumwambia mtu asimwamkie mkubwa wake.

Nikaanza na fundi viatu. Alinisikiliza uzi umening'inia mdomoni.

"Yaani mama mzima anipite hapa," akasema, "mimi niinamishe macho kama niliyemwibia?"

"Ndiyo."

"Na akinisalimia yeye?"

"Usimjibu."

Akautoa uzi mdomoni. "Kiherehere, wewe mkorofi siku zote, tumezoea. Lakini hii sasa ni laana unaitafuta, na unataka tuitafute wote."

Nikamwambia laana ni yangu, nitaibeba mwenyewe, yeye ashone viatu. Mwalimu naye alinisikiliza mpaka mwisho, akasema ameelewa, tena ameelewa kabisa. Kesho yake asubuhi akasahau. Akavua kofia, akafungua kinywa, nikamfokea kutoka kona ya juu kwa sauti ambayo hata mama alishtuka, akayumba, ikabidi nimkumbatie na ukingo pamoja. Nikamwomba mwalimu radhi mbele za watu, jambo ambalo jengo hili halikuwahi kuliona.

Maneno yakaenea. Wakasema nimepiga marufuku shikamoo. Wakasema nina maringo, namfungia mama yangu watu. Jirani mmoja wa kike akaniuliza kama kumtazama nako sasa kunahitaji kibali. Potelea mbali. Walitii, na nadhani waliuogopa mdomo wangu kuliko walivyoiogopa laana.

Na mimi je? Mimi nilikuwa natangulia ngazi moja chini yake, uso kwake, mikono tayari, mdomo umefungwa. Hayo mateso simwombei adui. Mama akishuka hivi, mimi naona mambo elfu ya kumwambia, kitambaa kimelegea, mteja wa mapazia amekuja, mawingu yale yataloanisha mashuka. Nameza. Nikifika chini nimeloa jasho kuliko yeye, na akigusa kiti chake tu nayamwaga yote kwa mpigo. "Polepole," ananiambia, "hakuna anayekufukuza."

Na hakuanguka. Juma likapita, na jingine, na jingine, mazoezi tunafanya, miguu inakaza, nikaanza kutembea na ushindi wangu kichwani. Ndipo siku moja amekaa mezani, pasi mkononi, akaniuliza kwa sauti ndogo ambayo si yake.

"Watu wa nyumba hii tumewakosea nini?"

"Kwa nini mama?"

"Hawaniamkii. Napita, wanatazama pembeni. Leo nimemwambia fundi habari za asubuhi, akakiinamia kiatu. Na wewe hunisemeshi. Nikiwa ngazini unanikazia macho kama askari. Nimekukosea?"

Nikavuta kigoda, nikakaa, mimi, nikamweleza. Korido, nguo, soketi. Akacheka mpaka akaiweka pasi pembeni. "Kumbe. Mimi nikadhani mmeninunia."

"Ukiwa umekaa tu, mama, tutakusalimia mpaka uchoke."

"Sawa. Nimeelewa. Mtu mzima hatishiwi nyau, lakini kama ni hivyo, sawa."

Kesho yake akaniuliza tena. Maneno yaleyale, sauti ileile ndogo. Nikamweleza, akacheka palepale alipocheka jana. Na keshokutwa. Kila siku uchungu wake ulikuwa mpya, na kicheko nacho kipya, ila kicheko kikawa kinafupika. Nilianza kuona kwamba sababu alikuwa anaisahau, lakini kupitwa alikuwa hasahau. Fundi na mwalimu wakawa wanakuja dukani makusudi, wanamwinamia akiwa amekaa, wanamwamkia kwa unyenyekevu wote, naye anawaitikia vizuri. Wakitoka ananiambia, "Wamefuata nguo zao."

Mwisho akakataa kushuka. Nilipanda asubuhi nikamkuta amevaa, amejifunga kitambaa, amekaa kitandani mikono mapajani.

"Twende mama. Kuna mashuka ya nyumba ya wageni, yamejaa beseni."

"Nishuke niende wapi? Nikapitwe kama nguzo?"

Nikapiga magoti nikaanza tena, korido, nguo, soketi. Safari hii hakucheka. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanishika shavu, akasema, "Afadhali nianguke."

Nilikuwa nimeizuia nyonga yake isivunjike na huku nammaliza kwa njia nyingine, na ni mimi mwenyewe niliyezunguka mlango hadi mlango kuwaomba watu hivyo. Nikashuka peke yangu, nikaunguza shati la mteja. Siku ya pili hakushuka, wala ya tatu. Nilikuwa napanda na kushuka kutwa, nachungulia, nateremka, pasi naiacha imewaka narudi mbio, hata fundi viatu akaniambia sasa nitaanguka mimi.

Ndipo kaka akaja. Aliingia dukani na begi jipya la magurudumu, na lilivyokuwa linaruka ruka sakafuni nilijua halina kitu ndani.

"Yuko wapi?"

"Juu."

"Tangu lini hashuki?"

"Siku hizi mbili tatu."

"Basi," akasema. "Hicho ndicho nilichosema."

Nikagombana naye, nikamwomba, nikagombana tena. Nikamweleza yote, na yeye mikono kifuani ananisikiliza kama anavyowasikiliza wafanyakazi wake. Nikamwambia, mwone akishuka, mara moja tu, kwa macho yako, halafu uamue.

"Nitamwona," akasema.

"Lakini usimwamkie. Mpaka afike chini akae. Hata akikutazama, funga mdomo."

"Mama yangu? Sijamwona tangu mwaka jana."

"Wewe hasa."

Nikapanda. Mama alikuwa amekaa palepale kitandani. Nikamwambia mwanao mkubwa amekuja, yuko chini. Sikuhitaji kusema mara mbili. Aliinuka mwenyewe, bila kujitupa, akarekebisha kitambaa, akashika ukingo, tukaanza. Mimi chini yake, mdomo kimya. Kona ya kwanza akaikata vizuri. Kona ya pili vizuri pia. Nikasikia nyundo ya fundi viatu imenyamaza, nikajua sasa wanatuona.

Mama akamwona kaka juu ya bega langu. Uso wake wote ulifunguka. Mguu ukasimama, na yeye akasimama nao, akangoja.

Nilijua anachongoja. Huyu ndiye mtoto ambaye hata alipokuwa na homa alimwamkia mama kabla ya kuomba maji. Niligeuza kichwa kidogo nikamwona kaka, amekaza midomo. Hakuweza kuvumilia kutazamwa vile. Akainamisha macho, kama anavyofanya fundi.

"Na wewe?" mama akasema.

Kaka akazidi kuvitazama viatu vyake.

"Na wewe, baba? Umenikasirikia?"

Ningeweza kumwambia. Neno moja tu, hapana mama, hajakasirika, na yeye angenijibu mimi kwa neno na mkono, na tungekwenda wote chini. Nikanyamaza. Nikamwona ameachia ukingo. Nikapanua mikono, nikakaza miguu, nikaona kila kitu kimeisha, nyonga, meza yake ya pasi, begi, kile kiti. Mama akainama. Lakini hakuja mbele. Mkono ulikuwa unakwenda nyuma, unapapasa, unaitafuta ngazi. Ukaipata. Akaweka na wa pili, akajishusha taratibu kama alivyofundishwa, mpaka akakaa kwenye saruji, akavuta gauni likafunika magoti.

"Haya," akasema. "Nimekaa. Anayenisalimia anisalimie."

Kaka alinipita kwa nguvu, nikabanwa ukutani. Akakaa ngazi ya chini yake, miguuni pake, na suti yake ile. "Shikamoo mama," akasema, na sauti ilimkatika katikati.

"Marahaba. Marahaba baba." Akamwekea mkono kichwani. Fundi viatu akaamkia kutoka chini, na mama akamwitikia, akamwuliza alipotelea wapi siku zote hizi. Mlango wa mwalimu ukafunguka, naye akaamkia, kofia mkononi. Mimi nikakaa palepale pembeni yao, tumeziba ngazi nzima.

Mama akaingia kazini. Akamwuliza kaka safari ilikuwaje, barabara ikoje, mvua huko zimenyesha, mke hajambo, watoto mmoja mmoja, nani ameingia darasa gani na nani bado anakojoa kitandani. Sauti yake ilikuwa imerudi. Mikono nayo ilikuwa inasema. Kaka anajibu huku anajifuta macho kwa kiganja, anacheka, na mimi nikawa nasema moyoni tumeshinda, tumeshinda. Kisha mama akampigapiga begani, kwa ule upole anaowapa wateja waliotoka mbali.

"Na mama yako, hajambo?"

Fundi viatu akashika nyundo yake bila kuipiga. Kaka akanitazama. Nilifungua mdomo nimsahihishe mama, ndiyo kazi yangu kutwa, kisha nikaufunga bila kuambiwa na mtu. Kaka akamgeukia. Akauchukua ule mkono uliowahi kuvunjika, akaushika kwa yake miwili.

"Hajambo mama," akasema. "Mzima kabisa. Anakaa na mdogo wangu, yule Kiherehere, palepale kwake. Nilikuwa nataka kumhamisha. Nimeacha."

"Umefanya vizuri," mama akasema. "Ukimwona, unisalimie sana."

"Zimefika," kaka akasema.